Rilei ya Ziehl UFR1001E kwenye turbini ndogo ya upepo: nzuri, ila usiiache kama ilivyotoka dukani

Umeme wa gridi ukikatika, turbini haitakiwi kuendelea kulisha laini peke yake, ikawa kisiwa. Fundi aliye juu ya nguzo anadhani laini imekufa, kumbe ina moto. Na gridi ikirudi ikakuta jenereta haiendi nayo sambamba, hata shafti inaweza kukatika.

UFR1001E ni rilei ya kinga: kazi yake ni kugundua hali hiyo na kuitenga turbini na gridi. Hupima volti na masafa (mizunguko ya umeme kwa sekunde) ya fezi zote tatu. Hivyo peke yake havitoshi: mzigo wa mtaa ukilingana na kinachozalishwa, masafa hubaki karibu na 50 Hz na rilei haishtuki. Ndiyo maana imeongezewa vipimo viwili, RoCoF, yaani kasi ya masafa kubadilika, na mruko wa pembe ya wimbi (vector shift), yaani wimbi la umeme kuruka ghafla. Cha pili kizimwe. Uingereza, 9 Agosti 2019, radi ilipiga laini na kinga za mruko wa pembe zikaondoa kwenye gridi uzalishaji wa takriban megawati 150 bila sababu, wakati gridi inazihitaji kweli. Sasa G99, kanuni yao ya kuunganisha jenereta na gridi, inataka RoCoF ya 1 Hz kwa sekunde, idumu nusu sekunde ndipo ikate. Usizinakili namba hizo ukiwa Njombe au Ngong. TANESCO au Kenya Power ndio wa kukupa zao.

Waya za kupimia zifungwe upande wa gridi wa kontakta, yaani swichi ya sumaku inayounganisha turbini na gridi. Zikifungwa upande wa turbini, rilei ikishakata haitajua gridi imerudi. Koili ya kontakta ipitie kwenye mguso wa rilei, ili rilei ikifa, kontakta iachie. Midomo ya kontakta nayo huungua ikagandana, kwa hiyo weka mbili kwa mfululizo na urudishe kwenye rilei miguso yao ya pembeni, ile inayoonyesha kama kontakta imeachia kweli. Ina pini za kupokea mrejesho huo, na wengi huziruka.

Upungufu wake kwa watu wa upepo: haijui kitu kuhusu mapanga. Ikikata, mzigo unatoka ghafla na mapanga yanapaa kasi, hivyo alama ya kukata ipelekwe pia kwenye breki au mzigo wa akiba, yaani wa kumeza umeme usio na pa kwenda. Jenereta ya induksheni yenye kapasita ndiyo hatari zaidi. Kapasita zisipoachana nayo papo hapo, hujichochea yenyewe na volti hupanda. Zipe kapasita kontakta yao.

Kabla ya kufunga lakiri ya kuzuia mipangilio ya rilei isibadilishwe, bonyeza kitufe cha majaribio turbini ikizalisha, usikilize kontakta zote mbili zikiachia.