Kiingereza cha kuongea kwa simu ya video: uzoefu wangu

Mimi ni muuguzi, naishi Umoja, Nairobi, na masomo haya nililipia kwa ajili ya IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, si kwamba sijui Kiingereza. Karibu kila Mkenya kwenye kikundi chetu alijitambulisha hivyo hivyo. Tangu darasa la nne tunafundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo kuambiwa ukajifunze kukiongea ni kama tusi. Halafu mwalimu anasema tueleze mtaa tunaoishi, na kamera zinazimwa moja baada ya nyingine. Ghafla kila mtu ana shida ya mtandao.

Mwaka 2021, Kenya na Uingereza zilipokubaliana kuhusu ajira za wauguzi, waziri wa afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alisema kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza walifaulu 10 tu. Wodini watu walikasirika. Mimi naona wengi wetu tunakwama kwenye ulimi kabla ya kukwama kwenye msamiati. Sehemu ya kuongea ya IELTS huchukua dakika 11 hadi 14 mbele ya mtahini. Katikati unapewa kadi yenye mada, dakika 1 ya kujiandaa, kisha uongee peke yako mpaka dakika 2. Ukizoea kuchanganya Kiingereza, Kiswahili na Sheng kwenye sentensi moja, hizo dakika 2 haziishi.

Aliyetushinda wote ni mama mmoja wa Bukavu, Kongo, anayeuza vitenge Eastleigh. Alianza na Kiingereza cha kuombea maji. Kwao shule ni Kifaransa, kwa hiyo hakuna aliyetarajia ajue, wala hakuwahi kuvishwa kibao shingoni kwa kosa la kuongea lugha ya nyumbani. Kamera yake haikuzimwa. Wateja wanapita nyuma yake, anakosea, anacheka mwenyewe, anasonga mbele. Sisi wenye vyeti tunapanga sentensi kichwani mpaka zamu inatupita. Muda si muda alikuwa akibishana na mwalimu kwa Kiingereza kuhusu bei ya pamba, na sisi tukisikiliza tu.

Kuhusu huduma yenyewe: mwalimu anajua kazi na hachelewi. Kila somo linarekodiwa. Kujisikiliza kunauma ila kunasaidia kuliko kitabu. Sipigani na msongamano wa Outer Ring Road kwenda mjini. Bando ndilo linaloumia, maana picha inakula kuliko sauti, ila bila picha mwalimu haoni mdomo wako unavyochanganya r na l.

Tatizo ni kikundi. Tulikuwa wanane, na ile programu ya bure ya simu ya video hukata mkifika dakika 40. Toa salamu, toa "mnanisikia?", unabaki na dakika chache za kuongea, na mwenye aibu hata hizo hazitumii. Nilihamia masomo ya mtu mmoja na mwalimu. Bei iko juu, lakini hakuna mwenzako wa kukuokoa. Mwalimu akinyamaza akikungoja, lazima useme.

Kwa hiyo kabla hujatuma pesa, uliza mko wangapi na kama kamera ni lazima. Kikundi silipii tena. Haya ya mtu mmoja naendelea nayo hadi siku ya mtihani. Ratiba tu ndiyo waiangalie: masomo yote ni ya jioni, na sista wa zamu ya usiku saa hizo yuko njiani kwenda kazini.