Breki kubwa kwa Subaru ya zamani: ipi ununue ukiwa unakaa Malindi

Nianze na jibu kabisa ndio mwenye haraka aende zake: kama una Impreza WRX ya miaka ya 2000 na unakaa huku kwetu Malindi, nunua breki za Legacy GT ya 2003 hadi 2009, mbele zile diski za 316mm na nyuma zile za 290mm, mimina mafuta mapya ya breki, ya daraja la DOT 4, basi. Brembo, zile breki za Impreza STI ambayo ndo WRX kali zaidi, nimeziweka namba tatu na najua kuna watu watakasirika, lakini someni kwanza.

Gari yangu ni WRX wagon ya 2003. Ilikuja na diski za mbele 294mm, unene 24mm, kalipa (ule mkono unaobana brekipedi kwa diski) ya kuteleza juu ya pini, yenye pistoni mbili, na nyuma diski bapa isiyo na matundu ya hewa katikati. Kwa hapa mjini, Lamu Road, kuenda Watamu na kurudi, breki hizo zinatosha kabisa na sitamdanganya mtu. Shida ilinipata njia ya Kaloleni. Wengi wetu wa Malindi tukienda Nairobi hatuingii Mombasa, tunakata pale Mavueni tunapanda Kaloleni tunatokea Mariakani, na ile barabara ni mlima na kona, mlima na kona. Nikirudi siku hiyo gari imejaa, mamangu mbele, wadogo zangu nyuma, viazi na vitunguu kwa buti, na mimi nilikuwa na haraka nataka tufike kabla ya magharibi. Kukaribia chini nikaanza kusikia harufu kama plastiki inayoungua, kukanyaga pedali ikaenda laini kama nimekanyaga sponji, nikapampu mara ya pili ya tatu, nikashusha gia mpaka ya pili injini ikalia, ndo gari ikapungua. Nikaweka kando. Magurudumu ya mbele yanatoa moshi, mamangu hasemi kitu anasoma dua tu. Sitaki mtu mwingine apitie hiyo.

Sasa kilichotokea hapo ndo kinachoamua ununue nini. Breki kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa joto, na joto linapanda haraka kuliko spidi: gari ya kilo 1,400 ikisimama kutoka 140 inatoa joto karibu mara mbili ya ikisimama kutoka 100. Diski ndogo nyembamba inajaa joto mapema, joto linaingia kwa brekipedi, linapita kwenye pistoni linafika kwa mafuta ya breki, na mafuta yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unakandamizika, kwa hivo pedali inashuka na gari haishiki. Mafuta ya breki nayo yanavuta maji kutoka hewani. DOT 3 ikiwa mpya kiwango chake cha chini cha kuchemka ni nyuzi 205, ikishakunywa maji inashuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 na 155, DOT 5.1 ni 260 na 180. Na hewa ya Malindi mnaijua, shati unavaa saa mbili asubuhi saa tatu limelowa. Yangu ilipofunguliwa mafuta yalikuwa meusi kama kahawa tungu, na fundi aliyekuwa anaifanyia servisi kabla alikuwa ananiambia kila mara ati mafuta ya breki hayabadilishwi, yanaongezwa tu. Msikubali hiyo. Vitabu vingi vinasema kila miaka miwili, mimi huku pwani nabadilisha kila mwaka.

Kwa hivo breki kubwa inakununulia nafasi ya kuweka joto. Haikununulii kusimama kwa umbali mfupi zaidi mara moja ukikanyaga, hiyo ni kazi ya tairi. Jaribu: pahali salama hapana watu, kanyaga kwa nguvu kutoka 60, ABS (mtambo unaozuia tairi kujifunga) ikianza kutetema mguuni ujue breki zako tayari zina nguvu kushinda tairi, hata ukifunga diski ya ukubwa wa sinia ya pilau gari itasimama palepale. Kama tairi ni zile ngumu za miaka saba, pesa ziende kwa tairi kwanza. Wallahi hii nairudia kila siku na watu hawataki kuisikia.

Namba 1: Legacy GT, 316mm mbele na 290mm nyuma

Hizi ndo nimefunga mimi. Diski ya mbele ina unene wa 30mm badala ya 24mm, na huo unene ndo mali yenyewe, chuma ni kingi zaidi cha kumeza joto na matundu ya katikati ni mapana hewa inapita. Kipenyo nacho kinakuongezea kama asilimia 7 ya nguvu ya kukamata kwa mguu uleule. Kalipa yake ni ya kuteleza, pistoni mbili, inaingia kwenye bolti zilezile za WRX bila kuchonga kitu. Inataka rimu ya inchi 17, ile ya 16 ya kiwanda usijisumbue.

Lakini sababu kubwa kwangu ni chumvi. Kwetu karibu na Silversands upepo wa kusi ukishika unakuta diski zina kutu ya rangi ya machungwa ukiacha gari siku mbili tu. Kinachokufa kwa kalipa huku ni zile pini za kuteleza na mipira yake, na kwa kalipa ya Legacy hivo vitu vinapatikana, Legacy zimejaa barabarani Kenya nzima, fundi yeyote ameshazifungua, riperi kiti (seti ya mipira ya kukarabati kalipa) unapata Mombasa siku hiyohiyo unaletewa na basi. Kumbukeni pia gari iliyozidi miaka 8 haikubaliwi kuingizwa nchini, kwa hivo WRX na STI za umri wa zetu hazitaongezeka tena, tunategemea zilizopo na spea za mitumba kutoka Japani. Nunua kitu ambacho miaka mitano mbele bado utapata mpira wake.

Ubaya wake: diski ni nzito, na uzito huo uko kwa gurudumu, chini ya springi, kwa matuta yetu utausikia kidogo. Na usifunge mbele peke yake ukaacha nyuma ile bapa ya zamani ukidhani umemaliza. Itafanya kazi, ndio, lakini kazi yote inalalia mbele na nyuma inabaki mgeni. Kinyume chake, kukuza nyuma peke yake, ni hatari ya kweli, mvua ikinyesha nyuma inatangulia kushika na gari inazunguka. Nyuma pia kuna dramu ya hendibreki ndani ya diski, kuna za 170mm na za 190mm, pima yako kabla hujatoa pesa manake zikikosana hendibreki haitashika.

Namba 2: fopoti za Subaru wenyewe

Zile kalipa za pistoni nne zilizokuja kwa baadhi ya WRX na Forester za Japani, mara nyingi zimepakwa rangi nyekundu. Zinatumia diski ileile ya 294mm kwa hivo kama diski zako bado nzima unabaki nazo, na rimu nyingi za 16 zinapita. Pedali inakuwa ngumu, nzuri, unaihisi breki vizuri kwa kidole cha mguu, na hazina pini za kuteleza hata kidogo kwa hivo ugonjwa mmoja wa pwani umeondoka. Kwa mtu anayeendesha mjini na safari moja moja ya Mombasa hii inaweza kuwa namba moja yake na sitabishana naye.

Mbona basi ni ya pili? Kwa sababu diski ni ileile. Joto lililonifanya nisimame Mavueni lingejaa vilevile. Umenunua mkono mzuri zaidi wa kushika sufuria ndogo ileile.

Ukinunua mitumba angalia pistoni zenyewe, sio rangi. Sukuma vile vifuniko vya mpira pembeni utazame: ukiona vidoa vya kutu vimekula chuma cha pistoni, wacha, mpira mpya utakaa miezi mitatu uanze kuvuja. Angalia nipo za kutolea upepo, zikikatikia ndani unaanza kazi nyingine kabisa. Na hakikisha umepewa ya kushoto na ya kulia, nimeona mtu ameuziwa mbili za upande mmoja, zikifungwa nipo moja inaangalia chini na upepo hautoki milele, mnapampu mpaka isha.

Namba 3: Brembo za STI

Ni breki nzuri, zingine hapa hazizifikii. 326mm kwa 30mm mbele pistoni nne, 316mm kwa 20mm nyuma pistoni mbili. Tatizo halipo kwa breki, lipo kwa kuzinunua. STI mpaka 2004 zina mashimo ya rimu 5x100 (bolti tano kwa duara la 100mm) kama WRX, kuanzia modeli ya 2005 zikawa 5x114.3, kwa hivo ukinunua seti pamoja na diski bila kuuliza mwaka unaweza kukuta diski haiingii kwa bolti zako. Nyuma hendibreki ya STI ni 190mm na ya WRX ni 170mm, unahitaji diski maalum za kuunganisha hizo mbili au ubadilishe mpaka hubu. Rimu sio 17 yoyote, spoki za rimu nyingi zinagonga kalipa, lazima ujaribu kwanza kwa mkono. Na bei, hapa bei sitaandika manake inabadilika kila kontena likishuka, ila tegemea kulipa mara kadhaa ya seti ya Legacy, kabla hujanunua diski mpya na brekipedi.

Halafu feki. Jina Brembo linabandikwa kwa kitu chochote chekundu. Kuna vifuniko vya plastiki vinavalishwa juu ya kalipa ya kawaida vinauzwa na maandishi hayo, na huo ni ufunikaji tu wa joto ndani, unaongeza shida badala ya kuipunguza. Kama una hela, una rimu zake, na umepata seti nzima kutoka gari moja unayoiona kwa macho, chukua. Vinginevyo tulia.

Namba 4: seti kubwa za breki za dukani, pistoni sita, diski za vipande viwili

Kwa mwanapwani anayeendesha gari kila siku, hapana. Kalipa nyingi za mbio hazina vile vifuniko vya mpira vya kuzuia vumbi, na sisi tuna mchanga na chumvi. Diski za vipande viwili katikati ni aluminiamu nje ni chuma, metali mbili zikikutana na maji ya chumvi moja inaliwa. Pistoni kubwa nyingi zinataka mafuta mengi, masta silinda ya kiwanda inasukuma kidogo, pedali inakuwa ndefu. Za mbio ziende kwa mbio.

Diski zilizotobolewa mashimo mimi hata namba sikuzipa. Niliwahi kununua pea, duka silitaji, kabla mwaka haujaisha nyufa zilitoka shimo moja kwenda jingine. Zenye mifereji tu hazina neno.

Chochote utakachochagua, kalipa nunua mitumba lakini diski, brekipedi na mipira iwe mipya. Ukilazimika kuchukua diski iliyotumika, pima unene: ya 24mm mwisho wake ni 22, ya 30mm mwisho ni 28, mara nyingi imeandikwa kwa diski yenyewe. Mwambie fundi pini apake grisi ya breki, sio ile ya bearingi, grisi ya kawaida inafurisha mpira na kalipa inakwama. Mipira mirefu inayoshusha mafuta kwa gurudumu kama ni ya kiwanda tangu 2003 ibadilishe pia, ikipasuka hakuna diski itakuokoa.

Kisha zizoeshe. Mimi nilitoka alfajiri baada ya swala, nikavuka daraja la Sabaki, pale barabara imenyooka na bado hakuna watu, nikashika breki kutoka 80 mpaka kama 20 bila kusimama kabisa, mara nane hivi, nikipumzisha katikati, halafu nikaendesha taratibu kilomita kadhaa bila kukanyaga zipoe. Usisimame ukashikilia pedali zikiwa moto, pedi inaacha alama kwa diski na usukani utatetema. Baada ya kama kilomita 200 fungua magurudumu ukaze tena bolti za kalipa, chungulia kama kuna unyevu kwa viungo vya mipira, na ukipita ufukweni au barabara yenye maji ya bahari zimwagie maji baridi ya bomba zikishapoa, ndani na nje.