Ripea kiti mbili (pakiti za vipuri vya kukarabatia) kwenye kabureta za Enduro 60: uzoefu wangu

Mashine ya boti yangu ni Yamaha Enduro 60, silinda tatu, ya kuchanganya oili kwenye petroli. Imepita mikononi mwa watu wawili kabla yangu, kwa hiyo umri wake naukisia kwa kutu. Kazi yake ni kupeleka wageni kuangalia papa potwe mbele ya Kilindoni, hapa Mafia, msimu wa kaskazi. Kusi ikishika, boti inapandishwa pwani. Mwaka jana niliipandisha hivyo hivyo, petroli imo ndani ya kabureta, vile vyombo vinavyochanganya petroli na hewa. Kosa langu, simsingizii mtu.

Oktoba nikaishusha majini. Kuwaka iliwaka, ila sailensa, yaani ule mwendo wa chini kabisa bila kuongeza moto, haishiki. Ukiiachia inazima, ukivuta choki kidogo inapata uhai, ukiongeza moto inakwenda huku inapiga misi, yaani inarukaruka kuwaka. Ungekuwa unabeba mizigo ungevumilia. Potwe humwendei mbio. Unamsogelea polepole kabisa, na hapo hapo mashine inakuzimikia, wageni wameshavaa miwani wanakutazama wewe badala ya samaki.

Nikafungua plagi. Ya juu na ya kati zilikuwa na rangi yake ya kahawia. Ya chini kavu, nyeupe kama chokaa. Fundi wetu, mzee ambaye masikio yake yanajua kila mashine ya hapa pwani, aliitazama mara moja tu akasema, "Mwanangu, ukienda nayo tena baharini, urudi na kasia."

Alikuwa na sababu. Kwenye mashine hizi oili inaingia pamoja na petroli, hakuna njia nyingine. Jeti, kile kijitundu cha kupitisha petroli ndani ya kabureta, ikiziba, silinda ile inakosa petroli na oili kwa pamoja, pistoni inapata joto na kunata. Wako wanaoikimbiza mashine yenye misi miezi mizima kwa kuwa "bado inakwenda".

Ripea kiti ya kwanza niliagiza Kariakoo, pakiti isiyo na jina la kampuni yoyote. Nilinunua tatu, maana kila kabureta inataka yake. Bei ndiyo iliyonivuta, sina sababu nyingine ya kujitetea. Gasketi ya bakuli ilikaa baada ya kulazimishwa. Balaa lilikuwa kwenye sindano, inayofunga njia ya petroli bakuli likijaa: nikibinya ile pampu ya mkono kwenye mpira wa mafuta, badala ya kukaza inabaki laini, na petroli inachuruzika kwenye midomo ya kabureta mbili. Zile sindano hazikuwa zinafunga. Baada ya wiki mbili nilifungua tena nikakuta gasketi imevimba, ukiitoa hairudi mahali pake.

Ya pili nikanunua ya Yamaha yenyewe, kwa bei zaidi ya mara tatu. Kabla ya kulipa, soma herufi zilizopigwa kwenye kabureta. Zangu zimeandikwa 6K5, nikampigia picha muuzaji, tukaelewana bila kubishana. Pakiti yangu ilikuwa na sindano na kikalio chake inapofungia, gasketi na oringi, yale mapete ya mpira. Jeti hazikuwemo, na karatasi ya maelekezo haikuwemo. Kwa bei ile, karatasi moja ingewagharimu nini?

Kazi yenyewe tuliifanya kivulini kwa siku moja. Mzee alitaka mabakuli matatu, kila kabureta vitu vyake, visichanganyike. Skrubu ya sailensa hukimbilii kuifungua: kwanza unaikaza taratibu mpaka iguse, unahesabu raundi, unaandika. Yangu moja ilikuwa raundi moja na robo, nyingine moja na nusu. Ukisahau hesabu hiyo, utashinda siku nzima ukibahatisha.

Ndani ya bakuli la chini tulikuta utando kama ulimbo, wa kijani, petroli iliyokaukia humo tangu masika. Jeti kubwa ilisafishika kwa dawa ya kupuliza. Ile ndogo ya sailensa tundu lake halionekani hata ukilielekeza juani. Mkono wangu ulishaenda kwenye waya, mzee akaupiga. Jeti ni shaba laini, waya unapanua tundu na kabureta haitakuwa sawa tena. Akakata kipande cha mshipi mwembamba wa kuvulia, wa nailoni, akakipitisha mara mbili tatu, tukamalizia kwa hewa ya kompresa ya mtu wa pancha. Plastiki na mipira usiitumbukize kwenye dawa ile.

Sindano mpya tulizijaribu kabla ya kufunga: geuza kabureta juu chini, boya linaloelea ndani ya bakuli likalalia sindano, puliza kwa mdomo kwenye njia ya mafuta. Hewa isipite. Zote tatu zilikataa kupitisha, nikajua pesa yangu haikupotea. Sehemu iliyotuchosha ilikuwa kulinganisha vipepeo, vile visahani vya kupitisha hewa kwenye kabureta, ili vifunguke pamoja; tulilegeza skrubu za fimbo inayounganisha kabureta na kuzikaza upya mara nne.

Sasa inakaa sailensa bila choki, na plagi tatu zimefanana rangi. Msimu mzima haikunizimikia mbele ya potwe. Ripea kiti ya kampuni naipa nne kati ya tano. Moja naikata kwa ajili ya jeti na ile karatasi. Ya kwanza siipi kitu, ingawa oringi zake nimezihifadhi, zinafaa kwenye bomba la nyumbani.

Mwaka huu, kabla ya kuipandisha boti, nilichomoa mpira wa mafuta nikaiacha mashine inywe kilichobaki mpaka ikazima yenyewe, kisha nikafungua skrubu za chini za mabakuli. Bado kikombe kizima cha petroli kilitoka. Boya la kabureta ya kati lina mchubuko ambao mzee haupendi; nimeagiza jingine, linakuja na boti ya Nyamisati.