Kibubu cha mbao cha Kariakoo, nimekitumia miezi tisa

Nilikinunua kwa machinga pale mtaa wa Kongo, alianzia 15,000 nikamshusha mpaka 12,000. Ni hivi vibubu ambavyo juu vimebandikwa karatasi yenye vyumba vya namba, ukidumbukiza elfu tano unakata chumba cha elfu tano, vyumba vikiisha umefikisha lengo. Changu kiliandikwa 1,000,000. Mi fundi nguo huku Mbagala, nashonea cherehani ya kukodi na kila jioni lazima nimpe mwenyewe chake, kwahiyo hiyo milioni ilikuwa ya kununua mashine yangu.

Muuzaji aliniambia "dada hii mninga hii". Sio mninga, ni paini imepakwa vanishi na kitako ni plaiwudi, lakini kimepigiliwa vizuri, hakina mlango, na tundu lake jembamba hata ukigeuza ukatikisa noti haitoki. Kasoro kubwa ni hesabu. Nilipofika nyumbani nikajumlisha, vyumba 50 vya elfu mbili, 60 vya elfu tano, 54 vya elfu kumi, inakuja 940,000 na sio milioni, ikabidi nichore mwenyewe vyumba sita vya elfu kumi kwa peni. Ukinunua jumlisha palepale.

Sasa kuna kitu lazima niseme, hiki ni cha pili. Cha kwanza nilinunua hukohuko, mbao hiyohiyo, nikakivunja mwezi wa tatu na nikazunguka kwa watu nasema vibubu vya Kariakoo feki, havifai, plaiwudi inabanduka kwa kisu cha jikoni. Kisu nilishika mimi. Na nilipohesabu nikakuta vyumba 11 nimevikata na hela yake haimo, maana siku nyingine nilikuwa nakata kwanza najiambia nitaweka kesho, halafu kesho inakuja na mambo yake. Kabla ya hapo nililaumu kijumbe wa mchezo, yule anayekusanya hela zetu za kupeana zamu, nikalaumu wateja wanaochukua nguo kwa mkopo, nikalaumu mvua ya masika. Wengine kweli walikosea, ila nilikaa miaka minne kwenye cherehani ya watu nikisubiri wao ndo wabadilike.

Safari hii nikageuza utaratibu. Zamani niliweka kinachobaki usiku, na usiku hakibaki kitu, sasa hela ya mteja wa kwanza inaingia kwenye pochi ya peke yake haiguswi mpaka nyumbani, ikidumbukia ndo nakata chumba. Siku nisipoweka naandika kwenye daftari tarehe na sababu. Daftari hilo limenisaidia kuliko kibubu chenyewe jamani, maana baada ya miezi miwili nikasoma nikakuta mtoto kuumwa ni mara mbili tu, kitenge na saluni mara tisa. Nilikuwa naamini kabisa kwamba ni mtoto.

Kitu kingine cha kuangalia, kibubu hakikwambii dunia inaendaje huko nje. Benki Kuu (BoT) walipoondoa noti za zamani, zile za 1985 mpaka 2003 pamoja na ile noti ya 500 ya 2010, muda wa kubadilisha ulikuwa 6 Januari mpaka 5 Aprili 2025, ukipita ndo basi, na mama mwenye nyumba wangu alivunja chake siku za mwishomwisho akakimbia benki. Kwahiyo unapodumbukiza angalia noti yako, na usiache hela inalala humo miaka, haizai, na nyumba ikiungua imeungua nayo. Mi naona kinafaa kwa lengo la mwaka mmoja kushuka chini, zaidi ya hapo peleka benki au UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja.

Nilikifungua kwa nyundo Jumapili, mbele ya wanangu, tukahesabu mara mbili ikatimia milioni bila pungufu. Mashine yangu, Juki, iko ndani, ya mtumba ila inapiga mshono safi, na jioni hakuna mtu anakuja kuchukua chake.

Kibubu nakipa nne kwa tano, moja nimetoa kwa ajili ya hesabu. Kingine nimeshachukua cha kununulia ovaloki, mashine ya kuziba kingo za kitambaa, huyuhuyu machinga, ila hiki nilijumlisha vyumba nikiwa nimesimama pale kwenye meza yake kabla sijatoa hela.