Nyanya za masika au za kiangazi?

Kwenye miteremko ya Arusha na Kilimanjaro, adui wa nyanya za masika ni bakajani chelewa. Ubaridi na majani yanayoshinda yamelowa kwa mvua huupa ukungu huo nafasi: jani hupata doa kama limemwagiwa maji ya moto, na asubuhi ukiligeuza unaona utando mweupe pembeni mwa doa. Shamba lisilotibiwa linaweza kuisha ndani ya wiki chache. Kwa hiyo panda kwenye matuta ya sentimita 20 hadi 30, acha sentimita 60 kati ya miche, simika miti ya kuegemeza mimea, na ondoa majani yanayogusa udongo. Mankozebu, dawa ya ukungu, hukinga tu, haiponyi. Ipigwe kabla ya madoa kuonekana, na irudiwe mvua kubwa ikiiosha.

Kiangazi ukungu huo hupungua, wakaja kantangaze (nondo ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda) na utitiri. Joto likipita nyuzi 35, maua hupukutika. Tunda likioza kitako, wengi hukimbilia kununua kalisi (madini ya chokaa), ilhali mara nyingi kosa ni kumwagilia leo kwa wingi kisha kuacha siku nne: maji yakikatika, kalisi iliyomo udongoni haifiki kwenye tunda. Mwagilia kwa kipimo kilekile, utandaze nyasi kavu.

Mwenye maji ya uhakika achague kiangazi bila kusita. Anayetegemea mvua aatike mwezi wa Aprili, ahamishie miche shambani Mei masika yakielekea ukingoni.