Kocha alimwambia rafiki yangu aachie boya: uzoefu wangu na mafunzo ya triathloni

Nilijizuia kuandika haya kwa muda, nikingoja hasira ipoe. Haijapoa, basi naandika hivyohivyo.

Mimi na rafiki yangu tulijiandikisha mafunzo ya triathloni kwa wanaoanza, yale ya wiki 12, tukilenga ile fupi: kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, kukimbia kilomita 5. Mimi kuogelea nilikuwa najua kidogo, kwa bwawani. Yeye ana pumzi ya kukimbia ambayo mimi sina, lakini maji anayaogopa tangu utotoni. Na aliandika hivyo kwenye fomu. Kuna sehemu kabisa inayouliza, aliijaza nikiwa nimekaa pembeni yake. Hilo nataka lishikwe, maana baadaye kocha alidai hakuambiwa.

Habari za ratiba na vifaa sitaziingia, atakayetaka ataziona mwenyewe. Mimi nina asubuhi moja tu ya kusimulia.

Ilikuwa kama wiki ya saba, au ya nane, siku ya kwanza kutolewa bwawani kupelekwa ziwani. Bwawani unauona mstari chini yako, na ukichoka ukuta haupo mbali. Ziwani mstari hakuna, ukuta hakuna, maji ni ya kijani na ukinyoosha mkono mbele vidole vyako mwenyewe huvioni. Halafu baridi. Maji baridi yakikupiga kifua na uso, pumzi inakatika yenyewe, unaanza kuvuta hewa juujuu, harakaharaka, hata kama woga huna. Mwili wa mtu yeyote hufanya hivyo. Unachotakiwa kufanya ni kugeuka chali, kuelea, kupuliza hewa taratibu, na kwa kawaida baada ya dakika moja au mbili pumzi inarudi mahali pake. Haya niliyajua baadaye kwa kusoma mwenyewe. Mtu anayelipwa kufundisha wanaoanza alitakiwa atuambie kabla hatujalowa hata vifundo vya miguu.

Hakutuambia. Alipuliza filimbi, tukaingia.

Rafiki yangu alifika boya la kwanza, nami nikiwa nyuma yake kidogo. Nikamwona ameacha kuogelea, amelikumbatia boya kwa mikono miwili, shavu ameliegemeza pale, miwani imejaa ukungu. Nikamwambia, "Tulia, nipo hapa." Akaitikia kwa kichwa. Nilikuwa karibu kiasi cha kuisikia pumzi yake, na naapa ilikuwa imeanza kushuka.

Kocha akaja na kayaki yake. Nikafurahi, nikajua anakuja kumsaidia. Akasimama pale na kupaza sauti: "Wewe dada, achia hilo boya! Kwenye mashindano ukiligusa unatolewa. Wenzako wote wanakusubiri wewe. Kama maji yanakushinda, mchezo huu si wako."

Kundi zima lilikuwa linaelea pale likisikiliza. Hakuna aliyesema neno, na mimi mmojawapo.

Akaachia. Hapo ndipo ninaposhindwa kusamehe. Aliachia kwa sababu alimwamini kocha wake. Akapiga maji mara mbili tatu, akanywa, akanishika bega kwa nguvu mpaka tukazama sote wawili. Aliyetuokoa ni msaidizi wa kocha, kijana mpole ambaye siku zote alikuwa haongei. Aliruka majini, akamgeuza chali, akamshika kisogo kwa kiganja, akamwambia, "Angalia mawingu, dada. Puliza. Tena, puliza." Akatulia. Haikuchukua hata dakika mbili!

Baada ya siku ile hakugusa maji karibu wiki mbili. Alikuwa anakuja kukimbia tu, na kila nikimtajia ziwa anajibu kwamba hakuna haja, kwa kuwa hawezi kumaliza mita 750 bila kushika kitu, na akishika ametolewa.

Ndipo nikaenda kuzisoma kanuni. World Triathlon, chombo kinachosimamia mchezo huu duniani, kinaruhusu muogeleaji asimame chini kama anafika, aelee, ashike boya au chombo kilichosimama apumzike, ili mradi asikitumie kusonga mbele. Akitaka msaada ananyanyua mkono. Yaani kocha alimfokea kwa kufanya jambo lililo halali kabisa! Nilimpelekea kanuni hiyo, nikamwomba kwa adabu amwambie rafiki yangu kwamba alikosea. Akanijibu kwamba yeye amefundisha miaka mingi na hafundishwi kazi na mwanafunzi.

Nilitaka kuwapa nyota moja niishie hapo. Lakini haki itendeke: upande wa baiskeli na mbio walitufundisha vizuri sana. Zoezi wanaloliita tofali, la kushuka kwenye baiskeli na kuanza kukimbia papo hapo, tulilirudia mpaka miguu ikazoea ule uzito wa ajabu wa dakika za kwanza. Na msaidizi alitufanyisha mara nyingi mno kuvaa helmeti na kufunga kifungo kabla ya kuitoa baiskeli kwenye kishikizo chake, kwa sababu ukigeuza mpangilio huo unaadhibiwa. Siku ya mashindano mikono yangu ilifanya yenyewe huku kichwa kikiwa bado kizito kwa kuogelea. Hata nikasema moyoni, labda nyota tatu. Yule kijana peke yake nampa tano, na ndiye aliyemrudisha rafiki yangu majini, jioni, kwa muda wake mwenyewe, wakianza na kuelea tu.

Asubuhi ya mashindano, kwenye maelezo ya mwisho kabla ya kuingia majini, mwamuzi alitutangazia wote: ukichoka shika boya au kayaki, pumzika, kisha endelea. Rafiki yangu akanigeukia macho yamemjaa machozi. Wiki zote zile amebeba woga wa kitu ambacho hakipo. Alishika kayaki mara mbili, akatoka majini miongoni mwa wa mwisho, na kwenye kukimbia akanipita huku akinipigia kelele nisilegee. Alimaliza, nami nikamaliza nyuma yake.

Hapo ningeweza kuwaachia nyota zao tatu. Sasa juzi nafungua simu nakuta tangazo lao jipya la wanaoanza. Picha waliyoweka ni sisi wawili kwenye mstari wa kumalizia, nimemshika mkono, na juu yake wameandika kwamba kwao hata anayeogopa maji anafika. Hawakutuuliza. Kocha ndiye aliyelisambaza tangazo lenyewe, yule yule aliyemwambia mchezo huu si wake.

Nyota moja, na hiyo ni ya msaidizi. Nimewaandikia mara mbili waitoe picha. Wameusoma ujumbe, picha bado ipo.