ddrescue kwa diski ya nje inayokufa: alama ya juu, kwa masharti

Diski ya nje ikianza kusuasua, Windows hutoa ujumbe wa kutaka ifomatiwe, na wengi hukimbilia Recuva au chkdsk, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski. Hapo ndipo mafaili yanapopotea kabisa. Recuva si programu mbaya: inarudisha vizuri kilichofutwa kwa makosa kwenye diski iliyo nzima. Diski yenye sekta mbovu (sekta ni kipande kidogo cha diski kinachohifadhi data) ni kazi nyingine, na kila dakika ya kuisomasoma inaimaliza. chkdsk ndiyo ya kuogopwa zaidi kwa sababu ikiambiwa irekebishe, inaandika. Inapanga upya jedwali la mafaili juu ya chombo ambacho hata kusomeka kwake ni kwa taabu, na ikimaliza unakuta video za harusi zimegeuka FILE0000.CHK na wenziwe.

ddrescue ya mradi wa GNU, kazi ya Antonio Diaz Diaz, ni ya bure na inafanya jambo moja tu: inanakili diski nzima, sekta kwa sekta, kwenda kwenye diski nyingine. Haijui faili wala folda. Ubora wake uko katika mpangilio wa kusoma. Mzunguko wa kwanza unabeba panaposomeka kwa wepesi. Ikigusa pabovu inaruka mbele bila kung'ang'ania. Baadaye inarudi kupunguza kingo za maeneo iliyoyaruka, kisha inayakwangua ndani sekta moja moja, na mwisho kabisa ndiyo inazijaribu tena zile zilizokataa. Kwa hiyo diski ikifa katikati ya kazi, sehemu kubwa nzuri huwa imeshatoka.

Yote hayo inayaandika kwenye faili dogo la ramani. Umeme ukikatika, unaiwasha mashine, unarudia amri ileile, nayo inaendelea ilipoishia. Kwa Unguja na Pemba, sifa hii peke yake inatosha kuipendelea kuliko programu za kulipia zinazoanza moja kila zinapozimwa.

Kabla ya kuigusa, sikiliza diski. Ikigonga kwa mpigo wa kurudiarudia, au injini ikijaribu kuzunguka ikashindwa, ichomoe. Hapo kwa kawaida kilichoharibika ni vichwa vya kusomea au injini, na hakuna programu itakayosaidia. Kila ikiwashwa, vichwa vinaweza kuzikwaruza sahani. Kuifungua ni kazi ya chumba kisicho na vumbi, na meza ya fundi simu wa Darajani yenye feni juu yake si chumba hicho. Ule ushauri wa kuitia kwenye friji la barafu usiufuate. Diski nyingi zina kitundu cha kupumulia, na kwa unyevu wa hewa ya huku, ikitolewa tu kwenye baridi inaloa.

Isipogonga, anza na waya. Ncha bapa ya USB 3.0 inayoingia kwenye diski hulegea haraka, na hewa ya chumvi inaila. Jaribu waya mwingine mfupi, moja kwa moja kwenye kompyuta, bila kupitia kigawanyio. Tundu la USB 2.0 linatoa miliampia 500 na la USB 3.0 miliampia 900. Diski ya inchi 2.5 iliyochoka ikikosa umeme wa kutosha inajizima na kujiwasha kama mbovu, kumbe ina njaa tu.

Njia tunayoipendekeza ni SystemRescue, mfumo wa Linux unaowashia kompyuta kutoka kwenye fleshi badala ya Windows. Ndani yake mna ddrescue, TestDisk, PhotoRec na smartctl tayari, kwa hiyo ukishaipakua huhitaji tena intaneti. Pia haikimbilii kuifungua diski mbovu na kuanza kutafuta picha ndogondogo za mafaili, jambo ambalo Windows hulifanya bila kuulizwa. Ikishawaka, toa amri hizi:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL
smartctl -a -d sat /dev/sdb

Ya kwanza inakuonyesha diski ipi ni ipi. Ya pili inaeleza hali: tazama mistari yenye namba (ID) 5, 197 na 198. Namba ya 197 ni ya sekta zinazongoja hukumu. Ikiwa juu ya sifuri na inapanda, acha uchunguzi, anza kunakili.

Diski ya kupokelea iwe kubwa kuliko mgonjwa. Nakala ya TB 1 haiingii kwenye diski nyingine ya TB 1 iliyokwisha kufomatiwa, basi tafuta ya TB 2. Isiwe FAT32, maana hiyo haipokei faili linalozidi GB 4. NTFS, exFAT au ext4 zote zinafaa. Tuseme mbovu ni sdb na nzima ni sdc1:

mkdir /mnt/nzima
mount /dev/sdc1 /mnt/nzima
ddrescue -d -n /dev/sdb /mnt/nzima/diski.img /mnt/nzima/diski.map

Chanzo kwanza, nakala ya pili, ramani ya tatu. Ukiandika jina la diski mahali pa nakala, programu inakataa mpaka uongeze -f. Katika kazi hii hakuna sababu ya kuiweka, hata kama umeiona kwenye maelekezo ya mtu. Na ramani isibaki kwenye folda ya SystemRescue yenyewe, kwa kuwa hiyo iko kwenye kumbukumbu ya muda na mashine ikizima haipo tena.

Alama -n inazuia kukwangua. Mzunguko huu ukiisha, ndipo unaondoa -n na kuweka -r3, yaani sekta zilizokataa zijaribiwe mara tatu. Zaidi ya hapo mara nyingi ni kuitesa diski.

Muda? Diski yenye afya kwa MB 100 kwa sekunde inatoa TB 1 kwa chini kidogo ya saa tatu. Kwa USB 2.0 tarajia saa nane na zaidi. Mgonjwa anaweza kwenda siku kadhaa, kwa hiyo tumia laptopu yenye betri nzima: diski ya inchi 2.5 inakula umeme wa laptopu na haihisi kukatika kwa muda mfupi. Ile kubwa yenye adapta ya volti 12 inazimika papo hapo, na kuzimika ghafla ndiyo sumu ya vichwa vilivyochoka. Hiyo ipe UPS. Elekeza feni kwenye diski, na joto la mstari wa 194 likipita nyuzi 50, bonyeza Ctrl na C, uipumzishe.

Kinachoudhi zaidi ni diski kujikata katikati. Ikirudi, iliyokuwa sdb inaweza kuwa sdd, basi rudia lsblk kabla ya kuendelea. Kama ramani imejaa makosa ya uongo ya wakati diski haikuwapo, ongeza -A mara moja ili maeneo yaliyorukwa yahesabiwe upya kuwa hayajasomwa.

Ukipata nakala, mgonjwa mweke pembeni. Jaribu kuifungua nakala kwa kusoma tu:

losetup -f -P -r --show /mnt/nzima/diski.img
mkdir -p /media
mount -o ro /dev/loop1p1 /media

Mahali pa loop1 weka jina litakalotolewa na amri ya kwanza. Folda zikionekana, nakili uende zako. Zisipoonekana, ifungue nakala hiyo kwa DMDE, programu ya kurudisha mafaili inayopakuliwa peke yake: toleo lake la bure linarudisha hadi mafaili 4,000 kwa mkupuo kutoka folda moja, majina yakiwa salama. PhotoRec ya Christophe Grenier tunaiweka mwisho. Inatambua mafaili kwa alama za mwanzo wake bila kujali jedwali, hivyo inaokoa hata palipoharibika kabisa, lakini majina na folda zote hupotea, na kupanga maelfu ya picha zenye majina ya namba ni adhabu. Kwa JPEG inafanya vizuri. Kwa video ndefu zilizotawanyika diskini, mara nyingi inatoa vipande.

Vijana wa video za harusi wajue pia hili: faharasa ya MP4 nyingi za kamera huandikwa mwishoni mwa faili, na ikikosekana video haifunguki hata kama picha zote zimo. Programu ya untrunc inaweza kuijenga upya ukiipa video nyingine nzima ya kamera ileile kwa mpangilio uleule. Kujua video ipi imeguswa na sekta mbovu, ddrescue ina --fill-mode ya kujaza mashimo ya nakala kwa neno unalolichagua. Kisha unalitafuta neno hilo ndani ya mafaili kwa grep, amri ya kutafuta maneno. Hilo lifanye kwenye nakala ya nakala.

Tunapoipunguzia alama ni kwenye sura. Skrini ni nyeusi, amri zinaandikwa kwa mkono, na herufi moja ya jina la diski ikikosewa unanakili kitu kingine. Asiyezoea ampe fundi, ila amuulize mapema kama ananakili diski nzima kwanza au anaanza kuskani palepale. Na kama diski ni WD My Passport, asikubali ihamishiwe boksi jingine: nyingi zina USB iliyochomelewa kwenye bodi yake, na zina usimbaji unaofanya data isomeke kupitia bodi hiyo tu, hata kama mwenyewe hakuweka nywila.